Serikali ikikulipa uue mkweche wako

Gari yangu asubuhi lazima niibembeleze. Naweka ufunguo, nazungusha, inakohoa, natulia, nazungusha tena inakohoa tena, ya tatu ndo inakubali, afu inatema ule moshi wa bluu ambao fundi wangu keshasema mpaka kachoka kwamba ni ringi za pistoni, "bosi hii inakunywa oili hii, siku utaniita umekwama barabarani saa nane usiku." Mlango wa nyuma kushoto haufunguki kwa ndani, abiria anasubiri mpaka nishuke nikamfungulie kama vile nimembeba waziri. Kwa hiyo mtu akitaja hela ya serikali ya kupeleka gari la zamani uchukue jipya, mi masikio yananisimama.

Na ndo ilivyokuwa wiki iliyopita. Tunapiga stori, jamaa yangu akaitazama gari akacheka, akasema we bwana ungekuwa Marekani 2009 hii ungeshaachana nayo, Obama alikuwa anagawa mpaka dola 4,500 kwa mkweche. Nikamwambia acha kunidanganya. Usiku nikaingia kusoma, nikakuta siyo uongo, ila kuna mambo jamaa hakuniambia, na moja liliniuma kweli, nitalifikia.

Kiofisi mpango uliitwa CARS ila dunia nzima inaujua kwa jina la mtaani, Cash for Clunkers. Mwaka ule uchumi wao ulikuwa umelala chini, General Motors na Chrysler zote zimeingia kwenye ufilisi, watu hawanunui magari. Obama akasaini sheria mwezi Juni, mwishoni mwa Julai wauza magari wakaanza kupeleka madai. Serikali ilitenga dola bilioni 1 ikitegemea zitakaa mpaka Novemba. Zilikaa kama wiki moja. Bunge likaongeza bilioni 2 mbio mbio, nazo zikayeyuka, tarehe 24 Agosti wakafunga. Magari karibu 680,000 yalikuwa yameshapita. Mtandao wa kupokea madai ukazidiwa, na wauza magari ndo walioumia hapo maana walikuwa wanampa mteja punguzo kwanza kutoka mfukoni mwao afu wanasubiri serikali iwarudishie, wengine wakakaa wiki na wiki wanahesabu hela ambazo hawajazishika.

Sasa masharti, na hapa nikaanza kuipima gari yangu moja moja kama mtu anayejaza fomu ya kazi. Gari iwe chini ya miaka 25, sawa. Iwe na bima na iwe imesajiliwa kwa jina lako mwaka mzima bila kukatika, hili waliliweka ili watu wasiende kuokota mabodi yaliyolala kwenye majani wakadai hela, sawa. Iwe inatembea yenyewe, yaani ifike pale ikiwa hai, hapo ningeisukuma kidogo ila ingefika. Jipya unalonunua lisizidi dola 45,000, wala siwazi.

Afu sharti la mwisho ndo lile la kuniuma. Gari la zamani liwe linaenda maili 18 kwa galoni au chini ya hapo. Kwa hesabu zetu hizo ni kama kilomita 7.6 kwa lita. Yangu pamoja na magonjwa yake yote, oili inakunywa ndiyo, ila petroli haina ulafi, injini ni ndogo, lita moja inanipeleka kilomita 12 nikiwa sijabeba mtu mnene. Kwa maana hiyo kwa sheria ya Marekani gari yangu siyo mkweche! Inatoa moshi, mlango haufunguki, na siyo mkweche. Wakati jirani mwenye dude la V8, viti vya ngozi, kiyoyozi kinapuliza barafu, yeye ndo mwenye mkweche na yeye ndo anapewa hela.

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nikasema hii ni dharau, mtu alinunua gari ndogo kwa sababu ndo aliyoiweza, au kwa sababu alikuwa na akili tangu mwanzo, halafu zawadi inaenda kwa aliyekuwa anamwaga mafuta miaka yote. Nikaacha kusoma nikalala.

Kesho yake nikapiga hesabu kwa utulivu nikaona hawa jamaa hawakuwa wajinga. Chukua gari inayokwenda kilomita 5 kwa lita, safari ya kilomita 100 inakula lita 20. Mbadilishie mwenyewe apate ya kilomita 7 kwa lita, hiyo bado ni lafi, lakini safari ile ile sasa ni lita 14 na kidogo, umeokoa karibu lita 6. Haya chukua gari ya kilomita 15 kwa lita umpe ya kilomita 20, mruko mkubwa kabisa wa kujisifia, ila ukihesabu imetoka lita 6.7 imekuja 5, hujafikisha hata lita 2. Yaani ukiwa na hela ya kununulia magari ya kuua, ua yale malafi kwanza, hiyo ni hesabu ya kawaida na mi kigari changu kingekuwa kinapoteza hela yao. Na kweli ukiangalia orodha, gari lililoletwa kwa wingi zaidi lilikuwa Ford Explorer inayovuta kwa magurudumu yote manne, na lililonunuliwa kwa wingi zaidi Toyota Corolla. Wastani ukatoka maili 15.8 kwa galoni mpaka 24.9.

Bado nimekasirika lakini, kidogo tu.

Kuna kitu kingine ambacho jamaa zangu wengi hawakioni wakisikia dola 4,500, wanadhani unapewa hizo hela juu ya bei ya gari lako. Hapana. Hizo ndo bei ya gari lako, linaenda kusagwa, hulirudishi mahali pengine ukaliuza tena. Kwa hiyo kama mkweche wako ungeuzika dola 3,000 kwa mtu, faida yako ya kweli ni 1,500. Kama ulikuwa hauuziki hata 500, umeokota. Na hata ukiokota, gari jipya tuseme la dola 16,000, toa 4,500, zimebaki 11,500 na hizo hakuna Obama anayekulipia, ni wewe na benki. Mtu anayeendesha gari ya miaka 20 kwa sababu hana hela, unamwambia habari njema, njoo ukope! Ndo maana mi naona hii misaada yote, popote ilipofanyika, ukitaka kujua ni ya nani usisikilize hotuba, angalia wameandika mkweche ni nini, afu angalia hela inayobaki analipa nani.

Wachumi wa chuo kikuu cha Texas A&M walifanya kitu nilikipenda sana. Walichukua watu wenye magari ya maili 18, ambao wanapata hela, wakawalinganisha na wenye magari ya maili 19, ambao wamekosa kwa nywele moja tu, maana kimaisha hawa ni watu wale wale. Wakakuta wale wa 18 walikimbilia kununua ndiyo, ila baada ya miezi kadhaa makundi yote mawili yamenunua magari idadi ile ile, tofauti ni kwamba wale waliolipwa walikuwa wamenunua mapema na wamenunua vigari vidogo vya bei ndogo. Kwa hiyo viwanda vya magari ambavyo mpango ulianzishwa kuviokoa, vikajikuta vimeingiza hela pungufu kuliko kama serikali ingekaa kimya. Nilicheka peke yangu. Na wengine wawili, Atif Mian na Amir Sufi, walikuta karibu mauzo yote ya ziada ya kiangazi kile yalikuwa ya watu ambao wangenunua tu miezi michache mbele, kufika Machi 2010 faida yote imeshafutika.

Ukifikiria ni kama punguzo lolote. Ukijua mwezi ujao kuna punguzo hununui mwezi huu, na likiisha hakuna anayenunua maana wote tayari wanacho. Ujerumani walitoa ya kwao mwaka huo huo 2009, euro 2,500, magari mapya yakasajiliwa milioni 3.8, mwaka uliofuata yakadondoka mpaka milioni 2.9. Wafaransa walishaonja hii mapema, miaka ya 90, waziri mkuu Balladur akatoa faranga 5,000 kwa gari la zaidi ya miaka 10, watu wakaiita Balladurette, akaja Juppé na ya kwake wakaiita Juppette, ambayo kwa sikio la Kifaransa inasikika sawa na sketi fupi, nadhani ndo maana jina likadumu. Ikaisha Septemba 1996, na 1997 mauzo ya magari yakaanguka puu.

Sasa nije kwenye sehemu iliyoninyima usingizi kuliko hela. Namna ya kuua.

Sheria ya Marekani ilisema injini lazima iharibiwe isifufuke. Na siyo kwa nyundo. Unamwaga oili yote, unafunga, mahali pa oili unamimina kama lita mbili za maji ya kioo, yaani sodiamu silikati iliyoyeyushwa. Unawasha gari. Unakanyaga mafuta mpaka mshale wa mizunguko ugonge 2,000 kwa dakika unaacha hapo hapo. Pampu ya oili, maskini haijui kitu, inanyonya ile dawa inaipeleka kila mahali kama ilivyozoea, kwenye kreki, kwenye bearingi, joto linakausha maji, kinachobaki ni kioo. Dakika chache injini inaanza kulia, inabana, inasimama. Ikikataa kufa unaiacha ipoe unarudia tena mpaka isiweze hata kuzungushwa. Baada ya hapo spea nyingine zinaweza kufunguliwa zikauzwa, taa, milango, viti, ila injini hapana, na ndani ya siku 180 bodi lote liwe limepondwa.

Video zipo kibao. Nilienda na simu mpaka gereji nikamwonyesha fundi wangu moja, gari safi kabisa, injini inaunguruma kama paka, jamaa aliyevaa glavu anamimina. Fundi mwanzoni anatafuna kijiti anaangalia, mlio ulivyoanza kubadilika akatoa kijiti mdomoni. Injini iliposimama akaniuliza, "hiyo nzima hiyo?" Nikamwambia ndiyo fundi, nzima. Akasema rudisha nyuma. Nikarudisha, akaangalia tena, akasema "sasa si wangeitoa tu." Nikamweleza kwamba wakiitoa itaenda kwenye gari jingine itaendelea kunywa mafuta na kutoa moshi, lengo ni ife. Akatingisha kichwa, akarudi kwenye gari aliyokuwa anaitengeneza, nusu saa nzima hakuniongelesha. Nadhani alikuwa anaipiga bei ile injini kichwani.

Na mi namwelewa fundi, ila Ujerumani ndo wanakuonyesha kwa nini Wamarekani walikuwa wakatili vile. Wajerumani wao hawakuweka dawa kwenye injini. Kwao mkweche ulihesabiwa kwa umri, miaka 9 tu! Gari la miaka 9 kuna watu wanalifunika turubai usiku lisipigwe na umande, kule limeshakuwa uchafu. Unalipeleka kwa mnunua skrepa, anakupa karatasi, unapata euro 2,500 zako kwenye gari jipya. Hela ilianza bilioni 1.5, ikapandishwa mpaka bilioni 5, Septemba 2009 imeisha yote, magari kama milioni 2. Neno lenyewe Abwrackprämie likachaguliwa kuwa neno la mwaka. Haya sasa, kwenye yadi ya skrepa yamepangwa magari ya miaka 9 yanawaka kwa mguso mmoja, ufunguo upo, na kuna mtu bandarini anayataka. Unategemea nini? Polisi wa upelelezi wakaanza kupiga kelele kwamba magari yaliyolipiwa yafe yanapakiwa meli kwenda Afrika na Ulaya Mashariki. Serikali imelipa mazishi, marehemu anaonekana anatembea bara jingine na abiria watano.

Mi hapo nimegawanyika kweli. Nikiwa mlipa kodi wa kule ningekasirika. Nikiwa mnunuzi wa gari la mkono wa tatu ningesema asanteni sana leteni mengine. Maana gari lililopondwa leo ndo gari ambalo mtu fulani mwenye hela ya mawazo angelinunua mwaka kesho, halafu miaka mitano mbele lingefika kwa mtu kama mimi. Ukiondoa magari laki kadhaa kwenye foleni hiyo, wa mwisho kwenye foleni ndo anayeona bei. Wa mbele hata hajui kuna foleni. Londoni miaka ya karibuni walikuwa na mpango wao wa kuondoa magari yasiyokidhi viwango vya moshi wa mjini, na 2024 wakaruhusu watu badala ya kuponda watoe gari lipelekwe Ukraine likafanye kazi, kwa hiyo hata wao wanajua kuponda kitu kinachotembea kunauma.

Uingereza yote 2009 ilikuwa pauni 2,000, gari la zaidi ya miaka 10, ila nusu ya hela anatoa mtengenezaji mwenyewe, hapo angalau kiwanda nacho kimetoa jasho. Wajapani walisema miaka 13. Wachina 2024 walikuja na hesabu nyingine kabisa, kwa gari la petroli hawakuangalia ulaji wala miaka, waliangalia kiwango cha moshi ambacho lilitengenezewa, wakaanza na yuan 10,000 ukinunua la umeme, watu wakajivuta, katikati ya mwaka wakapandisha mpaka 20,000, na la petroli 15,000 tena injini isizidi lita 2. Na kilichonichekesha, gari la umeme lililosajiliwa kabla ya mwisho wa Aprili 2018 nalo lilikuwa linapokelewa kama kuukuu. Miaka sita limeshakuwa mkweche, na la umeme, halijawahi hata kutoa moshi!

Ukiniuliza mpango gani ningeupigia kura, siyo hii ya magari ya watu binafsi. Ni ile ya magari ya kazi. Misri walisema teksi ya zaidi ya miaka 20 leseni haihuishwi tena, halafu hawakumwacha dereva hapo barabarani, 2009 Cairo wakamwekea mpango, leta lile bovu lipondwe upewe pauni 5,000 za Misri, gari jipya unapata kwa mkopo wa benki uliopangwa, ushuru umepunguzwa, na tangazo la biashara linabandikwa kwenye gari likusaidie kulipa. Teksi nyeusi na nyeupe zikaanza kupotea zikaja nyeupe. Pale ile hela inayobaki, lile swali langu, kuna mtu alikaa chini akalifikiria. Na teksi inashinda barabarani kutwa nzima, ukibadilisha moja ni kama umebadilisha za watu binafsi kadhaa. Afrika Kusini walianza 2006 na zile hiace za abiria, randi 50,000 kwa kila moja inayopelekwa kupondwa, wenye magari wakalalamika miaka na miaka kwamba hiyo haianzi hata kuligusa gari jipya, baadaye ikapandishwa mpaka 124,000, na mpango ukajikongoja sana. Wazo zuri, ila hela ikiwa ndogo mwenye gari anakaa nalo hilo hilo bovu na abiria wako ndani.

Kwa hiyo jamaa yangu nilimrudia na majibu. Nikamwambia Marekani ningekataliwa, gari yangu haina ulafi wa kutosha. Ujerumani ningepita vizuri sana, Uingereza ningepita, Japani ningepita nikiwa natabasamu, Misri labda nipake rangi kwanza. Akaniuliza na hela ya kumalizia ungeitoa wapi. Nikamwambia nilijua utauliza hilo.

Jumamosi fundi anafungua injini abadilishe ringi. Amesema nisije tena pale na ile video.